WASANIFU MAJENGO WETU NA KAZI INAYOWANGOJA

Tarehe 16 Novemba, 2024, jengo la ghorofa lilianguka katikati ya Kariakoo, Dar es Salaam, watu wakiwa ndani katika maduka yao. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Wengine walitolewa wakiwa hai baada ya kukaa muda mrefu chini ya kifusi, na waokoaji walipokea sauti zao kama mtu apokeavyo sauti kutoka kaburini. Miaka kumi na moja kabla ya hapo, tarehe 29 Machi, 2013, jengo jingine, lililokuwa bado linajengwa katika mtaa wa Indira Gandhi mjini humo, liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30.

Tukiwatazama waliokufa katika maafa ya namna hii, twaona kwamba wengi wao si wenye majengo. Ni wauza maduka, wachukuzi, vibarua na mafundi. Ni watu walioamka alfajiri kwenda kutafuta riziki. Kwa hiyo habari za wasanifu majengo, yaani wale wanaofikiri na kuchora nyumba kabla fundi hajaweka jiwe la kwanza, si habari za mabwana wachache wakaao ofisini na kalamu na kompyuta. Ni habari za kila mfanyakazi anayeingia chini ya dari asiloijua historia yake. Hiyo ndiyo sababu twataka leo kuizungumza jamaa hii ya wasanifu wa nchi yetu: wametoka wapi, ni milango gani iliyofunguka mbele yao, na ni kazi gani kubwa inayowangoja ambayo mpaka sasa haijapata mwenyewe.

USANIFU SI JAMBO GENI KWETU

Wako watu wanaodhani kwamba kusanifu majengo ni elimu iliyoletwa na meli kutoka Ulaya. Hilo si kweli. Mwanzoni mwa karne ya kumi na nne, katika kisiwa cha Kilwa Kisiwani, ilijengwa Husuni Kubwa, jumba la sultani lenye nyua na vyumba vingi, juu ya mwamba unaotazama bahari. Karibu nao, Msikiti Mkuu ulipanuliwa kwa nguzo na kuba za mawe ya matumbawe. Magofu hayo yaliwekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Waliojenga hapo walijua chokaa inavyochomwa na inavyokaa, walijua boriti ya mkoko inabeba upana wa chumba kiasi gani, na walijua upepo wa kusi na wa kaskazi unaingilia wapi. Baraza ya nje, ukuta mnene na ua wa ndani havikuwa mapambo. Vilikuwa majibu ya akili kwa jua na joto la pwani.

Ukoloni ulipokuja, kalamu ilihama. Majengo makubwa ya serikali na ya biashara yalichorwa na wageni, na mwananchi akabaki kuwa mchukuzi wa zege. Elimu yenyewe ilikuwa mbali naye. Mwaka 1956 Nairobi ilifungua chuo cha ufundi cha kifalme, ambacho baadaye kilikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi, na humo usanifu majengo ukaanza kufundishwa. Mwaka huo huo, Dar es Salaam ilianzisha shule ya wapima ardhi, shule ndogo ya mafunzo ya ngazi ya cheti. Shule hiyo ilikua hatua kwa hatua: mwaka 1974 ikawa Chuo cha Ardhi, mwaka 1996 ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2007 ikasimama yenyewe kama Chuo Kikuu Ardhi. Sasa usanifu wafundishwa pia katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Kijana wa Kitanzania hana lazima tena ya kuvuka bahari ili ajue kuchora nyumba.

Waliotangulia walivuka. Anthony Almeida, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1921, alikwenda kusoma Bombay, akarudi, na kwa miaka mingi akaujengea mji aliozaliwa shule, makanisa na nyumba za watu. Beda Amuli alisomea Haifa, nchini Israel, akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kuhitimu kazi hii, akarudi na kuanzisha ofisi yake mwenyewe mwishoni mwa miaka ya 1960.

SOMO LILILOSIMAMA KARIAKOO

Kazi ya Amuli inayojulikana kuliko zote kila mkaazi wa Dar es Salaam ameiona, hata kama hajui jina la aliyeichora. Ni Soko Kuu la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975. Jina la mtaa wenyewe lina historia ya jasho: latokana na kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya vita na Waingereza katika Vita Vikuu ya Kwanza, waliokuwa na kambi yao mahali hapo.

Amuli angeweza kuliezeka soko hilo kama ghala, kwa paa la mabati. Hakufanya hivyo. Alilipa paa la miavuli mikubwa ya zege, kila mmoja umesimama juu ya nguzo yake kama mti wenye matawi yaliyofunguka kuelekea mbinguni. Sura hiyo ina kazi. Miavuli ile hukinga mvua na kuiteremsha kwenye matangi chini ya ardhi. Nafasi zilizo kati yake hupitisha hewa na mwanga, ili muuza nyanya na mnunuzi wasikae katika tanuri. Msanifu huyo alikuwa ameona jinsi watu wetu wanavyofanya soko chini ya miti, akawajengea miti isiyopukutika majani.

Usiku wa tarehe 10 Julai, 2021, moto uliliunguza soko hilo na kuteketeza mali za wafanyabiashara wengi. Kazi ya kulikarabati ilifuata. Lakini somo lake halikuungua. Somo hilo ni kwamba msanifu aliyewaangalia watu wake wanavyoishi, wanavyouza na wanavyokimbia mvua, aweza kuchora kitu ambacho mgeni, hata akiwa hodari namna gani, asingekifikiria.

MILANGO ILIYOFUNGUKA

Basi, ni nafasi gani walizonazo wasanifu wa leo? Ziko nyingi, na yafaa zitajwe.

Ya kwanza ni Dodoma. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie huko. Uamuzi ulikuwa wetu, lakini ramani kuu ya mji, iliyotolewa mwaka 1976, ilichorwa na kampuni kutoka Canada. Kwa miaka mingi kazi ilikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Tangu mwaka 2016 mwendo umebadilika: wizara zimehamia, na Mji wa Serikali umejengwa Mtumba. Mji unaokua namna hiyo hauhitaji wizara tu. Wahitaji shule, zahanati, masoko, vituo vya mabasi na maelfu ya nyumba za watumishi wa kawaida, katika nchi kavu yenye upepo na vumbi. Itakuwa aibu kama nyumba hizo zitachorwa kana kwamba Dodoma ni Dar es Salaam au ni Dubai.

Ya pili ni Afrika Mashariki yote. Mkataba wa Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza kutumika tarehe 1 Julai, 2010, na mwaka 2011 wasanifu majengo wa Jumuiya walitiliana sahihi mapatano ya kutambuana. Shabaha ya mapatano hayo ni kwamba msanifu aliyesajiliwa katika nchi moja aweze kusajiliwa na kufanya kazi katika nchi ndugu bila ya kuanza upya kama mwanafunzi. Mlango huo una pande mbili. Anayetoka aweza kupata kazi Kigali au Kampala, na anayeingia aweza kuchukua kazi Mwanza au Arusha. Asiyejiandaa atauona mlango huo kuwa ni tundu la kuibiwa. Aliyejiandaa ataupita akiwa na ramani zake kwapani.

Ya tatu ni kuhifadhi yale tuliyorithi. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Lakini tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu ya Beit el Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash, iliporomoka na kuua watu wawili. Ajali hiyo ilituonyesha kwamba sifa ya dunia haizuii ukuta kuanguka. Jengo la mawe na chokaa haliponywi kwa kupakwa saruji. Saruji huziba unyevu ndani na ukuta ukaoza polepole. Latakiwa kutibiwa na mtu aijuaye chokaa. Mafundi waijuao wanazeeka. Kijana atakayejifunza kwao sasa, kabla hawajaondoka, atakuwa na kazi Zanzibar, Kilwa, Bagamoyo, Lamu na Mombasa kwa maisha yake yote.

KAZI ISIYO NA MWENYEWE

Nafasi hizi tatu ni kubwa. Lakini iko ya nne iliyo kubwa kuzipita zote, na ndiyo inayosahauliwa. Ni nyumba ya mtu wa kawaida.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na katika hao 5,383,728 walikuwa Dar es Salaam peke yake. Watu hao wanaishi katika nyumba za nani? Sehemu kubwa ya nyumba za miji yetu hazikuchorwa na msanifu yeyote. Mfanyakazi hununua kiwanja kwa akiba ya miaka mingi. Akipata mshahara hununua mifuko michache ya saruji. Akipata posho hununua nondo. Msingi husimama mwaka huu, kuta mwaka ujao, na paa Mungu akipenda. Ramani yake ni maneno aliyopeana na fundi wakiwa wamesimama juani: "Hapa sebule, hapa vyumba viwili, na jiko nyuma."

Hatumlaumu mtu huyo. Amejijengea nyumba bila ya mkopo wala msaada, na fundi aliyemjengea amelisha watoto wake kwa jasho halali. Lakini yatupasa kusema kweli. Nyumba iliyojengwa kwa maneno hubeba makosa yasiyoonekana. Nguzo moja hukatwa ili duka lipate mlango mpana. Ghorofa huongezwa juu ya msingi uliokusudiwa kubeba nyumba ya chini. Zege hutiwa maji mengi ili liwe rahisi kumwagwa, na maji hayo hulinyang'anya nguvu. Mbao za kushikilia zege hutolewa mapema kwa sababu zinatakiwa kiwanja kingine. Jirani huchimba chini karibu na ukuta wa mwenzake. Kila kosa kwa peke yake laweza kunyamaza miaka mingi, kisha siku moja yote yakasema kwa pamoja.

Na hapo ndipo tunapokutana na jambo la kushangaza. Wako vijana waliohitimu usanifu wanaozunguka mjini na vyeti vyao wakitafuta ajira, na katika mji huo huo wako maelfu ya watu wanaojenga bila ya msanifu. Nchi yenye ujenzi mwingi namna hii yawezaje kuwa na wasanifu wasio na kazi? Jibu letu ni moja: kati ya msanifu na mjenzi wa kawaida uko ukuta, na ukuta huo ndio wa kwanza kubomolewa.

Upande mmoja wa ukuta, mwananchi hudhani kwamba msanifu ni mtu wa matajiri. Huona ada ya ramani kuwa ni fedha iliyotupwa, kwa sababu karatasi hailaliki wala haiezeki. Lakini ramani nzuri humwambia idadi ya tofali na mifuko ya saruji kabla hajadanganywa dukani. Humwonyesha dirisha likae wapi ili asilipe umeme wa feni usiku kucha. Humzuia kubomoa kesho alichokijenga leo. Upande wa pili, baadhi ya wasanifu wetu wamejifungia katika ndoto za vioo. Wachora minara inayong'aa, iliyonakiliwa kutoka nchi za baridi, ambayo chini ya jua letu hugeuka sufuria na kuwadai wenyewe mashine za kupoza hewa mchana kutwa. Hao huiona nyumba ya vyumba vitatu ya mwalimu wa Tabora kuwa ni kazi ndogo isiyowafaa.

MFANO WA SEREMALA WA GANDO

Anayesema kwamba kazi ndogo haimpi msanifu heshima na amtazame Francis Kéré. Alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, nchini Burkina Faso, akajifunza useremala, na mwaka 1985 akaenda Ujerumani kuendelea na ufundi huo. Baadaye aliingia chuo kikuu mjini Berlin kusomea usanifu. Kabla hajahitimu alirudi kijijini kwake kujenga shule ya msingi, iliyokamilika mwaka 2001. Hakuleta vioo. Alitumia udongo wa hapo hapo uliochanganywa na saruji kidogo, na wanakijiji wenyewe walibeba mawe na maji. Paa la mabati alilinyanyua juu ya dari, ili hewa ya moto ipite katikati na kutoka nje, na watoto wasome bila ya kuungua.

Kwa shule hiyo alipewa Tuzo ya Aga Khan ya usanifu mwaka 2004, na mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, ambayo ni heshima ya juu kabisa ya kazi hii duniani. Wala haikumlazimu kuishia Burkina Faso. Mwaka 2021 ilikamilika kazi yake huko Turkana, Kenya: chuo cha vijana chenye minara ya kupitishia hewa, iliyofuata mfano wa vichuguu vya mchwa wa nchi hiyo. Seremala huyo alipanda kwa njia ya shule ya kijiji, wala hakupanda kwa njia ya mnara wa benki.

Sisi pia hatukuanza jana. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962 kwa sababu wananchi walihitaji makao bora. Utafiti wa nyumba bora na vifaa vya ujenzi umekuwa na taasisi yake tangu miaka ya 1970, na tofali za kufungamana za udongo na saruji, zisizohitaji kuchomwa kwa kuni, zimekwisha kuonyeshwa kwa wananchi. Elimu ipo. Inayopungua ni mikono ya kuifikisha uwanjani.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Sheria nayo ipo. Sheria ya mwaka 2010 iliweka utaratibu wa kuwasajili wasanifu, ambao humo huitwa wabunifu majengo, pamoja na wakadiriaji majenzi, chini ya bodi yao. Mhitimu hutakiwa afanye kazi chini ya msanifu aliyesajiliwa na kufaulu mtihani kabla ya kusajiliwa yeye. Kiwanja cha ujenzi hutakiwa kiwe na bango linaloonyesha majina ya wanaohusika na kazi hiyo. Baada ya maafa ya Novemba 2024, serikali iliunda kamati ya kukagua majengo ya Kariakoo. Hayo yote ni mema, lakini sheria bila ya watu wa kuisimamia ni kama mlango usio na komeo.

Kwa halmashauri zetu twasema: wekeni ramani za nyumba za kawaida, za vyumba viwili, vitatu na vinne, zilizochorwa na wasanifu waliosajiliwa kwa kufuata joto, mvua na udongo wa kila wilaya, na zipatikane kwa bei ambayo mlinzi na mwalimu wataiweza. Msanifu alipwe mara moja na halmashauri, na ramani yake iwafae mamia ya watu. Hapo vijana watapata kazi, na kibali cha ujenzi kitaacha kuwa safari ya kumkwepa mkaguzi.

Kwa wasanifu twasema: shukeni uwanjani. Kijana aliyetoka chuoni na akae na mafundi waashi msimu mmoja wa ujenzi, aone zege linavyochanganywa na mkono unavyochoka. Atajifunza kwa fundi yale ambayo kitabu hakikumfundisha, na fundi atajifunza kwake kwa nini nguzo haikatwi. Wazee waliokwisha kusajiliwa wafungue milango ya ofisi zao kwa wahitimu, kwa maana kijana hawezi kupata uzoefu mahali ambapo kila mtu anamdai uzoefu kwanza.

Na kwa ndugu zetu wafanyakazi twasema: msione haya kuuliza. Kabla hujapanda jukwaa, soma bango. Kama halina jina la msanifu wala la mhandisi, uliza ni kwa nini. Kabla hujapanga chumba cha duka katika jengo linaloongezwa ghorofa juu ya kichwa chako, uliza nani alichora, na msingi ulikusudiwa kubeba nini. Mpeleke kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi akaulize kama wewe hukujibiwa. Mwenye jengo atakasirika? Na akasirike. Hasira yake itapoa kwa siku mbili. Ukuta ukianguka haurudi juu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyufa zetu tumekwisha kuziona, na tumekwisha kuwazika waliotuonyesha. Wasanifu tunao, mafundi tunao, udongo, mawe na chokaa tunavyo. Kilichobaki ni kuwakutanisha kalamu na mwiko katika kiwanja kimoja, na kazi hiyo ianze katika ujenzi ulio karibu nawe, mwaka huu huu.